Herufi Zinazomkimbiza Fundi Saa

Ndugu Fundi Mkuu wa Karakana ya Mawe ya Makaburi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na patasi ikiwa bado haijagusa jiwe la mume wangu. Mchoro wa jina lake mlioniletea nimeupata, nashukuru. Ila herufi zake, ndugu yangu, ni nene, zimeinama kwenda kulia, na kila moja ina vijiguu chini. Aliyezichagua ni shemeji yangu. Aliniambia, "Shemeji, hizi zina hadhi bwana, hata duka la magodoro limeziweka." Ndiyo maana naandika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Zinakimbia. Mume wangu alikuwa fundi saa. Hakuwahi kukimbilia kitu maishani, si basi, si chakula cha moto. Leo amepumzika, ninyi mnamwandika kama mtu anayewahi mlango usifungwe.

2. Zinapiga kelele. Unene ule unafaa kutangaza punguzo la bei. Yeye aliongea chini chini, kana kwamba saa zote za dukani zimelala. Akitaka nije mezani aligonga kikombe kwa kijiko, mara moja tu, nami nilisikia hata nikiwa uani.

3. Vile vijiguu ni viatu. Kwetu viatu vilivuliwa mlangoni, na yeye ndiye aliyekuwa mkali wa jambo hilo. Sasa mnataka aingie mapumziko ya milele na viatu, tena jozi kwa kila herufi!

4. Hili ndilo limeninyima raha. Kaburi la jirani ni la mama mmoja aliyekuwa akishona mapazia, mcheshi sana, Mungu amrehemu. Herufi zenu zinamwegemea yeye. Tumeishi na mume wangu bila fununu hata moja, halafu ninyi mnamzushia habari wakati hawezi tena kujitetea.

Kwa hiyo naomba herufi nyembamba, zilizosimama, pekupeku. Ikishindikana, liinamisheni jiwe lenyewe kwenda kushoto mpaka herufi zinyooke. Watakaokuja kusoma watapinda shingo kidogo, si kazi kubwa.

Wasalimie mafundi wote, pamoja na yule anayepiga chafya kwenye vumbi la mawe. Shemeji naye anawasalimu, ingawa hajui ninachoandika.

Ni mimi ninayesubiri kwa adabu,
Mjane wa Fundi Saa

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimekwenda makaburini na mchoro wenu, nikaushika pale jiwe litakaposimama. Kumbe siku zote nimekuwa nikilitazama kaburi kutokea nyuma. Mama wa mapazia yuko kushoto. Kulia kwa mume wangu kuna nafasi tupu, aliyoniwekea mwenyewe. Basi chongeni kama mlivyochora, na viatu vyake. Jina langu, siku yake ikifika, lisimame wima, apate pa kuegemea.