Karani Mwenzangu Nyikani

Jumatatu, 7 Julai

Tumefika kambini. Vumbi hadi kwenye kope. Tuko watano: mimi, mke wangu, baba mkwe, dada wa mke wangu, na mume wa huyo dada, yaani mwanyumba wangu, mfamasia. Darubini ya mwanyumba imepewa kiti chake peke yake. Mimi nimesafiri magoti kidevuni.

Safari hii ni ya baba mkwe. Fundi saa mstaafu. Macho yake ameyamalizia ndani ya saa za watu, na sasa yanafifia. Daktari amesema hayatarudi. Wanawe wakamwuliza angependa kuona nini kabla hayajazima kabisa. Nilitarajia aseme simba. Akasema ndege karani. Yule mwenye miguu mirefu kama ngazi na manyoya yaliyochomoza kisogoni kama kalamu zilizochomekwa sikioni. Anatembea nyikani siku nzima akikanyaga nyoka. Picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya dukani mwaka aliozaliwa mke wangu. Mzee hakuibandua hadi alipofunga duka.

Mimi nami ni karani. Ofisi ya maji, dirisha la malalamiko. Mzee akasema garini kwamba karani wa kwanza amempata kwa kumwoza binti, sasa anamtaka wa pili bila harusi. Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, huku nikiwaza. Miaka yote mwanyumba ndiye mkwe mwenye akili. Analeta dawa, anapima presha. Mimi huitwa kusogeza makochi. Basi nafasi ndiyo hii! Nani atamwonyesha mzee ndege wake? Mimi!

Nikatangaza kwamba mambo ya ndege ndiyo yangu, tangu utoto. Mke wangu akanitazama. Akauliza, utoto wa nani?

Jioni nikawa wa kwanza kuona. Nikapiga kelele: tai, juu ya mti! Dereva akafunga breki. Mwanyumba akaelekeza darubini yake. Akasema kwa upole ni mfuko wa plastiki. Akaongeza kwamba kwa mbali hata yeye angekosea.

Mtu muungwana namna hii anachosha sana.

Jumanne, 8 Julai

Nimeamka mapema kuwatangulia. Nikamwuliza dada wa mapokezi ndege huonekana wapi kwa wingi. Akasema niende kiwanja cha ndege, asubuhi hii sitakosa kuona. Kiwanja chao kabisa! Na hakuna aliyemwambia mwanyumba! Nikamwamsha mke wangu, nikamwomba dereva atupeleke haraka, nikakataa kumweleza sababu. Siri ni siri.

Kulikuwa na ukanda wa nyasi fupi, kitambaa chenye mistari juu ya mlingoti, na watu wawili wamekalia masanduku yao. Nikawauliza kwa kunong'ona kama wamekwisha kuona chochote. Wakasema bado, imechelewa. Nikawaambia subira ni muhimu na wasivae rangi za kung'aa. Wakasogea mbali kidogo.

Kisha ikaja. Yenye injini.

Mke wangu amecheka kuanzia pale hadi kambini. Akituliza kicheko, anatazama mikono yangu iliyokuwa imeshika kitabu cha ndege, anaanza upya. Dereva alijitahidi asicheke, akashindwa kwenye kona ya pili. Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Dereva kasema kiwanjani pale nyasi hukatwa fupi, kila kitu kinaonekana, na watu huruhusiwa kushuka garini. Nimeliweka hilo kichwani.

Mwanyumba leo kaona ndege aina kumi na tisa. Kamtajia mzee kila mmoja, rangi kwa rangi. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 9 Julai

Mpango wa leo haukuwa na kasoro. Ndege huitikia sauti za wenzao. Kitabuni imeandikwa hivyo. Basi mtu ana haja gani ya kumfuata ndege? Amwite!

Sikupata mtandaoni sauti ya karani. Inasemekana ni mkimya sana, jambo ambalo halimsaidii mtu. Nikachukua sauti ya ndege mwingine, yenye mkoromo wa heshima. Baada ya chakula cha mchana nikajipenyeza kwenye kichaka nyuma ya ukumbi wa kulia, ndani ya uzio, nikaanza kuipiga kwa simu.

Hakuja karani. Alikuja mwanyumba.

Alikuja anatambaa! Mfamasia mzima, kwa magoti na viwiko, jasho linamtiririka. Akasikiliza. Akakimbia kinyumenyume hadi ukumbini akawaambia wote kwamba kuna ndege wa misitu minene hapa nyikani, jambo ambalo halijapata kusikika. Nilikaribia kufa kwa furaha. Nikajiambia nitaipiga mara moja nyingine tu, kisha nitoke nimweleze mbele ya watu.

Nikaipiga. Nilipochungulia nikaona wamemletea baba mkwe kiti. Kakaa hatua chache kutoka kwangu. Kavua miwani, kafumba macho, kainamisha kichwa upande mmoja kama anavyofanya akisikiliza saa. Sura yake ikalainika. Akamwambia mke wangu, "Huyu sihitaji kumwona. Huyu nampata mzima mzima."

Sasa ningetokaje?

Nikaendelea kupiga. Siafu wakaanza kupanda. Kwanza kifundoni, halafu gotini, halafu sehemu ambazo siandiki hata humu. Nikang'ata kofia yangu. Kila nikinyamazisha simu, mzee anasema jamani asije akawa ameondoka. Nikapiga tena. Mwanyumba alikuwa ananakili milio.

Kisha simu ikaita kweli. Mlio wangu ni taarabu, na niliuweka juu kabisa kwa ajili ya kazi. Kichaka kizima kikaanza kuimba. Nikabonyeza mahali pasipostahili, na sauti ya mkuu wangu wa ofisi ikatoka nje kubwa na wazi, inauliza ni nani aliyeondoka na ufunguo wa choo.

Ni mimi. Upo mfukoni mwa suruali.

Nikatoka. Mwanyumba alikuwa bado amepiga goti. Mke wangu alishika kichwa. Shemeji yangu, dada yake, akasema kwamba ndege huyu amewahi kumwona mahali, labda harusini. Mzee akavaa miwani polepole. Nilingoja anifokee. Akasema pole kwa siafu, mwanangu, halafu akasema ndege huyo mkuu wake wa kazi ana hasira sana. Akacheka hadi akapaliwa.

Ningependelea kufokewa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekaa kiti cha nyuma kabisa, kimya. Adhabu yangu mwenyewe.

Karibu na saa sita mwanyumba akampata karani. Kwa haki, bila ujanja. Mbali sana, nukta inayotembea kwenye mbuga. Akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu juu ya kiti, akaikaza, akamsaidia mzee kuinama. Wote tukashika pumzi. Mzee akaweka jicho. Akakaa. Akasema, "Nimemwona. Ahsante sana, mwanangu." Shemeji akalia. Mke wangu akalia. Mwanyumba akafuta miwani yake ambayo haikuwa chafu.

Mimi nilikuwa nimesogea mbele, nimebanwa ubavuni mwa mzee. Niliona jicho lake. Lilikuwa linatafuta huku na huku kama mtu anayepapasa swichi ukutani. Na karani mwenyewe alikuwa amekwisha kuingia nyuma ya kichuguu. Niliiona kwa macho yangu nukta ile ikipotea kabla mzee hajainama.

Hapa ndipo ningemmaliza mwanyumba kwa sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Nikatazama jinsi alivyokuwa anafuta miwani ile, nikaimeza.

Kambini nikampeleka mzee kunawa. Nikamwuliza pole pole alikuwaje, yule ndege. Akapangusa vidole kimoja kimoja. Akasema mwenzio amehangaika kwa ajili yangu, ningemwambia nini? Ukungu. Mchana kweupe, ukungu mtupu. Akaniomba nisiwaambie wanawe. Kisha akasema lakini hata ukungu wenyewe ulikuwa mzuri, akanipigapiga begani, na akakosea mlango wa kutoka. Nikamshika mkono.

Nimekuwa sina raha tangu hapo. Darubini haisaidii. Karani anatakiwa aje karibu. Karibu kabisa, kama mteja dirishani.

Nimepata wazo. Anakula nyoka.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya mwisho. Nimeyatuliza mawazo, nayaandika kwa utaratibu.

Nilivua mkanda wa suruali. Ngozi ya kahawia, mrefu (kiuno changu kimetusaidia), chuma chake cha mbele nimekifunga kamba ya viatu. Ukiuburuta nyasini unakwenda kama nyoka mwenye shughuli zake. Nikawaomba wote tupite kiwanja cha ndege kabla ya kuondoka. Mke wangu akauliza tunapanda ndege gani. Nikasema ana imani ndogo.

Gari likaegeshwa ukingoni. Nyasi fupi, jua safi. Nikawaambia wabaki ndani, hasa mzee, dirisha wazi. Nikashuka. Mkono mmoja kamba, mkono mwingine suruali. Nikaanza kuburuta mkanda, nikitembea kinyumenyume na kwenda mbele, nikipiga miguu chini kwa kishindo ili nyoka wangu aonekane anakimbia kitu. Panzi waliruka kila upande kama mafuta ya moto. Jua likanipiga utosini. Nikaburuta. Mbele yangu mbuga tupu hadi upeo. Hakuna karani.

Nikageuza kichwa kidogo kuelekea garini. Wote walikuwa wananipungia mikono! Dereva pia! Mke wangu alikuwa amejiziba mdomo, shemeji ananionyesha kidole, mwanyumba anafanya ishara za ajabu kwa mikono yote miwili. Hakuna hata sauti moja. Nikajua wananicheka. Wananicheka hata leo, siku ya mwisho! Nikageukia mbuga, nikaburuta kwa hasira. Nikapiga miguu zaidi. Suruali ikashuka. Nikaiacha huko huko.

Walipoanza kupiga kelele, yote yalikuwa yamekwisha.

Alikuwa nyuma yangu. Muda wote! Alitoka kwenye majani marefu upande wa gari, akanifuata akiokota panzi niliowarusha. Nikienda, anakwenda. Nikisimama, anasimama, anainamisha kichwa kama anasoma faili. Nilipogeuza kichwa alikuwa upande ule mwingine. Kisha akaniacha, akaenda taratibu hadi ubavuni mwa gari, akasimama chini ya dirisha la mzee.

Mwanyumba anasema darubini yake haikuweza hata kumwona, alikuwa karibu mno. Ameniambia hivyo huku akinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema mimi ni mtaalamu. Nikatafuta kejeli katika sauti yake, sikuipata.

Mzee alikuwa ameegemea dirisha, mikono yote nje. Mashavu yake yalikuwa yamelowa na hakuyapangusa. Nikamwuliza, Baba, umemwona?

"Kope," akasema. "Ana kope, mwanangu! Ndefu kama za mwanamke. Kwenye kalenda hazikuwepo." Akanieleza rangi ya chungwa kuzunguka jicho, magoti meusi kama aliyevaa kaptula, jinsi alivyoinua mguu na kufikiri kabla ya kuuweka chini. Alieleza kila kitu. Ilibidi. Katika familia nzima ni mimi peke yangu ambaye sikumwona kwa karibu.

Safari yote ya kurudi mzee alikaa mbele. Hakulala. Mke wangu aliniegemea begani, akaniambia sikioni kwamba mimi ni mjinga wake. Magoti yalikuwa kidevuni. Sikuyasikia.

Jumapili, 20 Julai

Tumekula kwa baba mkwe. Amechangamka, anahadithia kila anayeingia. Ofisini nami nimehadithia. Nimesema nilimwona kwa hatua mbili, uso kwa uso. Siyo uwongo, ni suala la nani alikuwa anatazama upande gani. Nimeeleza pia kwamba siri yote ni mkanda. Wanasema ni panzi. Kila mtu anasema ni panzi. Hawaelewi mambo ya kitaalamu.

Baada ya chai mzee akasema jambo. Macho, alisema, hayo basi, yameshapata haki yao. Sasa anatamani kitu cha kusikiliza. Mzinga wa nyuki, pale uani, karibu na kiti chake. Wavume tu.

Mwanyumba akasema ataulizia kwanza, huwa kuna mafunzo ya wiki kadhaa, na mavazi maalumu. Akawa anaongea kwa utaratibu wake ule, kidole kwa kidole.

Sikumwacha amalize. Nikasema nyuki waachiwe mimi. Mke wangu akaweka kikombe mezani. Nikasema nyuki nawafahamu vizuri sana, na mavazi ni ya waoga, kwa sababu nyuki humheshimu mtu akiwaendea kwa kujiamini. Mzee akafurahi. Akasema ahsante, mwanangu.

Kuna kundi kubwa limejishikiza kwenye dari ya stoo ofisini kwetu. Kesho asubuhi nakwenda kulichukua. Nimeshatafuta foronya.