Kasi Rasmi ya Wimbi

Wizara ina furaha kuutangazia umma kwamba kasi ya wimbi imepatikana, nayo ni mita mia nne na kumi na saba kwa sekunde. Zoezi hilo zito limesimamiwa nami, Mkurugenzi Msaidizi wa Majibu Sahihi.

Swali la mtihani lilikuwa jepesi. Frikwensi ya wimbi ni mara ishirini kwa sekunde, urefu wake mita tatu; tafuta kasi. Watahiniwa nchi nzima wakazidisha ishirini kwa tatu, wakaandika sitini. Mwongozo wetu wa kusahihisha ulisema mia nne na kumi na saba. Wapo wenye midomo mirefu waliodai mchapaji alisinzia. Uzushi mtupu. Mwongozo ulikuwa na mhuri, na mhuri wetu haujawahi kusinzia. Tukawafelisha wote.

Basi akaja ofisini mwalimu mmoja wa fizikia, mama wa makamo, kakumbatia beseni la maji. Darasa lake zima lilikuwa limeanguka, na yeye alipewa hadi Ijumaa ajieleze, la sivyo kazi hana.

"Mkurugenzi, kasi ni frikwensi mara urefu wa wimbi. Kuna namna gani nyingine?"

"Mama, hiyo ni hesabu ya mtaani."

"Watoto wangu wamesota miaka minne. Leo wanakosa nafasi ya kuendelea kwa sababu wamepata?"

Nilimhurumia, kusema kweli. "Badilisha wimbi," nikamshauri. "Mwongozo haubadiliki."

Akachovya kidole kwenye beseni, akanionyesha viduara vikikimbilia ukingoni. Nikamweleza kwa upole kwamba maji hayo hayajasajiliwa.

Hata hivyo, taifa halikuanguka lote. Watahiniwa kumi na mmoja waliandika mia nne na kumi na saba moja kwa moja, bila hata kujichosha na hesabu. Waziri akaagiza wafanyiwe hafla. Binti yake alikuwa mmojawapo. Wanangu pacha pia walikuwemo, ingawa sipendi kujisifu. Waliobaki walitoka katika familia za wajumbe wa kamati ya mitihani, jambo linaloonyesha jinsi malezi bora yanavyosaidia fizikia.

Siku ya hafla ukumbi ulifurika wazazi. Ulipofika muda wa maswali, yule mwalimu akasimama kule nyuma.

"Mimi nimeshindwa, nakiri mbele yenu. Kazi nitaiacha. Ila kabla sijaondoka, namwomba binti wa Mheshimiwa anifundishe. Hiyo ishirini na hiyo tatu, amezifanyaje hadi akapata mia nne na kumi na saba?"

Waziri alitabasamu hadi magego yakaonekana. Akamkabidhi binti yake kipaza sauti. "Mwelekeze mwalimu, mama. Usimwonee haya."

Binti akautazama ubao uliokuwa jukwaani, kisha akamtazama baba yake.

"Sasa baba, kwani wewe ulinielekeza? Ulinitumia jibu tu kwenye simu, ukasema nikariri halafu nifute."

Ukumbi ulilipuka. Wazazi walipanda juu ya viti. Waziri akanigeukia, na jicho lake lilikuwa tayari limeshanifukuza kazi.

Nikakumbuka wajibu wangu. Nilinyakua kipaza sauti nikatangaza kwamba Wizara, tangu awali, inaitambua sitini. Kwamba wote walioandika sitini wamefaulu, na mwalimu wao anabaki kazini. Na kwamba kila aliyeandika mia nne na kumi na saba amefutiwa matokeo kwa udanganyifu, naye aliyempa jibu atachukuliwa hatua kali bila kujali cheo.

Nilipigiwa makofi ya kweli, si yale ya kuagizwa na ofisi. Niliyafurahia mno.

Ndipo mke wangu akasimama mstari wa tatu, na yeye hajawahi kuhitaji kipaza sauti.

"Baba Pacha! Na wetu je? Si uliwakaririsha mwenyewe, mezani pale, huku mimi napakua?"