Sabuni ya Vyombo na Dhahabu ya Izia

Ndugu zangu, leo nimeaibika mbele ya wakwe. Bado natetemeka, nusu kwa baridi ya Sumbawanga, nusu kwa yaliyonipata. Ila moyo umetulia, kwa hiyo naweza kusimulia.

Kwa wasionijua (sijui mnaishi wapi), mimi ni mtoto wa Ufipa niliyeondoka hapa na begi la kuazima. Nikabeba mawe machimboni, nikajisomesha mwenyewe, nikarudi na stashahada ya jiolojia. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Narudia: stashahada. Ipo sebuleni, kwenye fremu, mgeni akiingia ndicho kitu cha kwanza anachokiona.

Baada ya Pasaka nilimuoa Skola. Siku ya posa baba yake alinitazama weee, kisha akasema, "Ninyi watu wa machimboni, pete zenu huwa zinakaa mfukoni." Nikaapa mbele ya ukoo mzima kwamba yangu haitatoka kidoleni. Na pete yenyewe si ya dukani. Ni dhahabu niliyoiosha kwa mikono yangu, sonara akaiyeyusha. (Ilikuwa inanipwaya kidogo. Sikumwambia mtu. Mtaalamu atakoseaje vipimo vya kidole chake?)

Sasa leo asubuhi. Baba mkwe ana shamba pembeni mwa mtaa wa Izia, na chini ya shamba kinapita kijito. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba kijito kile kina dalili zote za dhahabu. Akaniita nikamwoneshe. Nikaenda na karai, koleo, chupa ya sabuni ya vyombo, na shemeji yangu Deo, kaka yake Skola, mwenye bodaboda moja na midomo kumi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya, hiyo dhahabu iko wapi?"

Nikapanda juu ya jiwe nikaanza somo. Nikawaonesha mishipa ya mawe meupe kule kilimani. Nikaeleza jinsi mvua inavyoyamomonyoa, maji yanavyoburuta vipande, na jinsi kilicho kizito kinavyotua pale mkondo unapopunguza kasi: upande wa ndani wa kona, nyuma ya mawe makubwa, chini kabisa juu ya mwamba.

"Dhahabu ni mvivu, baba," nikasema. "Ikipata pa kulala, inalala." (Maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni.)

"Kumbe ni ndugu yako, shemeji," akasema Deo.

Nikavua viatu, nikaingia majini. Jamani, maji ya Ufipa mwezi wa saba! Vidole vilisinyaa hapo hapo kama maharage mabichi yaliyosahaulika juani. Sasa, vumbi la dhahabu lina tabia ya kuelea likakuponyoka, ndiyo maana tunatia tone la sabuni kwenye karai ili lizame. Tone! Lakini mkwe alikuwa anatazama. Nikamimina kama mtu anayeosha masufuria ya harusi.

Nikazungusha karai, nikatikisa, nikamwaga mchanga uliooshwa pembeni, ukawa rundo. Nikachota tena. Nikapata mchanga mweusi, mzito, mzuri sana. Nikapata ulanga unaometameta kama dhahabu, Deo akaanza kushangilia, nikamnyamazisha kitaalamu. Dhahabu? Hata punje ya kumdanganyia kuku.

Nikaona nitangaze matokeo kwa heshima, kama wasomi wanavyofanya. Nikainua mkono wa kushoto kurekebisha kofia.

Kidole kitupu!

Baridi ilikisinyaza, sabuni ikamalizia. (Ninyi wa Dar na utani wenu kuhusu uchawi wa Sumbawanga, nyamazeni. Pete haikupaa. Iliteleza.)

Nikaurudisha mkono majini haraka. Baba mkwe amekaa ukingoni, macho kwangu.

"Vipi, mkwe?"

"Narudia sampuli, baba. Ndio utaratibu."

Nikaanza kuosha upya rundo lote. Safari hii bila somo. Nachota, naosha, napekua kwa vidole, jasho linanitoka kwenye maji ya barafu. Ng'ambo ya kijito Mama Ritha, jirani anayelima kabichi, akaegemea jembe lake.

"Deo, mbona shemeji yako kanyamaza ghafla?"

"Mama, mtu anayeongea vile akinyamaza, ujue ameiona."

Deo akatoa simu. Sijui aliwaambia nini wenzake wa kijiweni, ila muda si muda pikipiki zikaanza kumiminika. Watu wakashuka na ndoo, makarai, masufuria. Kuna mama alikuja na ungo wa kupepetea ulezi.

"Jamani, hapa hakuna dhahabu!" nikapiga kelele.

"Anataka kula peke yake huyu!"

"Mimi ni mtaalamu, nawaambia hakuna!"

"Kama hakuna, unaosha nini?"

Swali zuri. Nikachota karai jingine.

Wakalivamia rundo langu. Kila koleo lililoingia lilinichoma mimi. Nikamwona mtu anajaza ndoo, anaanza kupanda nayo kilimani. Nikaelewa kwamba nikiendelea kulinda jina langu, pete inaenda kulala kijiji cha mbali, Milepa, kwa watu nisiowajua. Nikapanda juu ya rundo, nikatanua mikono kama golikipa.

"Rudisheni mchanga! Natafuta pete yangu ya ndoa!"

Wakaangua kicheko.

"Tafuta uongo mwingine, baba!" akasema Mama Ritha. "Pete! Umeoa juzi tu!"

Nikataka kumjibu, nikageuka, na rundo lenyewe lilikuwa limelowa sabuni. Miguu ikaenda kwake, nami kwangu. Nikatua kijitoni kwa makalio, kofia ikasafiri na maji, mapovu yakanijaa ndevuni. Msomi!

Nikiwa bado chini nikasikia Deo anapiga ukunga.

"Dhahabu! Nimeipata! Kubwa!"

Watu wakamrukia. Akaiinua juu, akaifuta tope kwenye suruali, akaisogeza machoni. Sauti ikapungua.

"Imeandikwa... Skola."

"Siku hizi dhahabu inatoka ardhini na jina?" akauliza Mama Ritha.

"Nani ananiita?"

Ni Skola mwenyewe. Amesimama ukingoni na hotpoti ya ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, anatazama umati, anamtazama kaka yake na pete, halafu mimi ndani ya povu.

Baba mkwe akanyanyuka, akamnyang'anya Deo pete, akashuka taratibu hadi kwangu. Nikafumba macho. Nikasikia sauti ngeni. Nikafumbua. Mzee anacheka! Anacheka hadi anashikilia mti. Tangu nimuoe binti yake sijawahi kuyaona meno yake.

"Mkwe," akasema akifuta machozi, "toka huko utapata nimonia. Nilifikiri umeivua."

"Siwezi, baba. Haki ya Mungu."

"Nimeona. Mwenye nia ya kuivua hajisumbui hivi."

Skola akachomoa uzi kwenye upindo wa kitenge, akauzungushia pete kwa ndani, akanivisha pale pale mbele ya watu. Imebana barabara. Nilikula ugali ule nimejifunika kitenge cha mke wangu, na sijawahi kushiba namna hiyo.

Tatizo ni moja. Watu hawajaondoka. Wanasema pete ilikuwa janja yangu ya kuwafukuza, na sasa wanachimba hadi kwenye kabichi za Mama Ritha, naye anachimba pamoja nao. Mimi nimeshatamka kitaalamu kwamba pale hakuna kitu. Kwa hiyo anayetaka kunicheka anicheke leo, maana wakiipata dhahabu kesho nazima simu.