Besi Isiyovuja

Jumatatu, 4 Aprili 1955. Bukoba.
Verdiana, mke wangu, bado yuko kwa mama yake Nshamba. Kisa ni mradi wangu wa bata, waliokula mbegu za maharage za mama mkwe. Ameleta salamu: atakuja kwenye dansi la Jumatatu ya Pasaka aone kama nimetulia. Nimetulia! Nitapiga besi katika bendi ya Saburi. Verdiana akisikia besi kwenye gramafoni huweka mkono kifuani. Husema sauti ile humwondolea upweke. Namkumbuka sana.

Jumanne, 5 Aprili.
Kwa Laxmidas dukani. Ana besi mbili za kusimama, za Wazungu waliohama. Moja inang'aa kama bwana harusi. Ya pili imekwaruzwa vibaya. Saburi alinishauri nipige kila uzi taratibu, nisikilize, nitazame kama shingo imepinda. Burhani wa kodiani akasema mimi nafaa kuibeba tu. Wivu huo! Laxmidas kaniruhusu nizichukue zote nyumbani nichague.

Jumatano, 6 Aprili.
Saburi anajua nyuzi. Mimi ni mtoto wa mchonga mitumbwi ya kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Baba hakuuza mtumbwi bila kuujaza maji kwanza, ukalala nayo. Usiovuja ndio mzuri. Mbao ni mbao! Nimeilaza ile inayong'aa, nikamimina ndoo kwa ndoo katika matundu ya kifuani. Haivuji hata tone. Nimechagua.

Alhamisi, 7 Aprili.
Mgongo umebanduka. Mbavu zimebanduka. Gundi imekuwa uji. Laxmidas alikuja, akaokota ubavu mmoja. "Rugaibula," akasema, "hii umenunua." Nitalipa kwa kahawa msimu ukifika. Kisha akaniazima ile iliyokwaruzwa kwa ajili ya dansi, bila kuombwa. Nusura nilie.

Jumatatu, 11 Aprili.
Besi ya mikwaruzo ina sauti tamu ajabu! Burhani, yule yule, alipunguza kodiani yake ili nisikike. Verdiana alisimama karibu na mlango, mkono kifuani. Nikakosea noti kwa furaha.
Nyumbani akaziona mbao barazani. Nikamweleza yote. Alicheka hadi akakaa chini.
"Nilidhani nikikuacha peke yako utapata akili," akasema. "Kumbe unazidi. Basi nimerudi."

Alhamisi, 14 Aprili.
Laxmidas ameleta piano. Mbao nene, hizo hazibanduki! Amekubali niikague hapa nyumbani. Verdiana kaficha ndoo zote, akaenda sokoni. Hakuna neno. Mvua inakuja kutoka ziwani, nami nimeisukuma piano uani na kuifunua kifuniko.