Ghorofa Tano za Benki Mpya

Jumatatu, 6 Aprili 1874
Benki mpya ya matofali bado imefunikwa mikeka. Inafunguliwa Jumamosi. Bi Otose, mchapishaji wetu, anataka picha yake iuzwe Tokyo nzima siku hiyohiyo. Mimi au Kunimasu, atakayewahi kuichora ndiye atakayechapishwa. Kunimasu! Tulikuwa kwa mwalimu mmoja, akinioshea brashi. Sasa kila asubuhi anakaa mbele ya jengo, akichungulia kati ya mikeka kama paka. Mimi sina haja. Seremala mmoja kwenye bafu la mtaani ameniambia yote: ghorofa tano na mnara wa saa. Nimechora nyumbani, miguu nimeinyoosha.

Jumanne, 7
Mzee Tokuji, anayetuchongea vibao vya kuchapia, ameuliza kama nimeliona jengo lenyewe. Nikamjibu msanii huona kwa moyo. Akasema, "Moyo wako, Yasaburo, ni mvivu kama miguu yako." Lakini amechonga. Uzee una wivu.

Jumatano, 8
Hila! Nimemwambia Kunimasu ufunguzi umeahirishwa hadi Juni. Ameamini! "Asante kaka, umeniokoa na baridi." Akanipa viazi vitamu viwili vya kuchoma. Nimekula vyote.

Alhamisi, 9
Kesho duka la mama yangu la tofu, ile jibini ya maharage ya soya, linabomolewa, barabara ipanuliwe. Ameuza pale miaka thelathini na mmoja. Ameniomba nimchore, yeye na pipa lake, karatasi moja tu. Nikamweleza hakuna anayenunua picha ya tofu. Watu wanataka taa za gesi. Akaendelea kukata.

Ijumaa, 10
Wamebomoa. Sikwenda. Nilikuwa nasimamia uchapaji wa rangi nyekundu.

Jumamosi, 11
Mikeka imeshuka. Ghorofa mbili! Mnara hakuna. Hata saa ya ukutani hakuna. Yule seremala, kumbe, anatengeneza ndoo. Watu walisimama na picha yangu mkononi: wanatazama juu, wanatazama karatasi. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama zile tatu zimezikwa. Bi Otose kasema nisikanyage tena kwake. Nikamwambia jengo ndilo lililokosea.

Alhamisi, 16
Picha ya Kunimasu imetoka. Si benki. Kwa kuwa alidhani benki haina haraka, alikwenda kumchora mama siku mbili, hadi ukuta wa mwisho ulipoanguka. Watu wa mtaa uliobomolewa wanaigombania. Nimeikuta imebandikwa juu ya godoro la mama. Mvuke, paa lililopinda, mikono yake ndani ya maji. Hata kovu la kidoleni lipo. Sikujua ana kovu.

"Kunimasu aliniangalia," mama akasema.

Nikamkumbusha kwamba bila hila yangu picha hiyo isingekuwapo, kwa hiyo shukrani ni zangu. Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Jumatatu, 20
Mama anahamia kwa dada yake, kule Senju. Aliniomba nimsindikize, nimbebee sanduku. Nikamwambia leo haiwezekani. Mwezi ujao treni inaanza kwenda kati ya Osaka na Kobe, na nimepata mchapishaji asiyenijua. Kunimasu akatokea, akalibeba sanduku. Anajipendekeza! Mama aligeuka mara moja pale kona, nadhani. Sikuinua kichwa. Stesheni ya Osaka nimeshaimaliza. Osaka sijawahi kufika. Moshi umetoka vizuri mno.