Viraka Vinavyojibandika Vyenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Miezi saba tangu niage nyumbani. Nilikuja kubeba kompyuta za ofisi hii. Bosi akaona najua kusoma, akanipa kibarua cha viraka. Yaani, vivinjari vya zamani, programu za kufungulia tovuti, haviielewi tovuti mpya, nami nabandika vipande vya msimbo kwa mkono mpaka vielewe. Macho yamekwisha! Bosi kasema likizo naipata siku tovuti ya duka la magodoro itakapofunguka kwenye simu ya mwenye duka. Simu hiyo imemzidi umri kitindamimba wangu!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Nimeiagiza mashine ibandike viraka yenyewe kila tovuti inapoundwa. Inataka tu kuambiwa vivinjari gani. Nikaiambia vyote, tangu dunia iumbwe. Nimempigia mke wangu simu, nikamwambia Jumamosi niko mlangoni. Akasema ataamini akiliona begi.

Jumatano, 5 Machi
Tovuti nzito kama gunia la saruji. Simu ya mwenye duka ilipata moto, akaishika kwa leso. Bosi akauliza kama nimetia suruali viraka au nimeshona viraka bila suruali. Miwani, jirani yangu wa meza, alicheka mpaka machozi. Kisha akanishauri nichague vivinjari vya wateja tu, halafu nijaribu kwenye simu kuukuu ya drooni. Wivu tu! Anaitaka likizo yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefuta vivinjari vyote vya zamani kwenye orodha ya mashine. Tovuti nyepesi kama unyoya! Kwenye simu yangu imefunguka kabla sijapepesa jicho. Ile ya drooni sikuigusa, haina chaji. Nimefunga begi.

Ijumaa, 7 Machi
Kwa mwenye duka ilifunguka haraka kweli. Nyeupe tupu. Akauliza magodoro yako wapi, au sasa tunauza shuka. Likizo kapewa Miwani. Kaja kuazima begi langu, eti mimi silihitaji! Mke wangu hakugomba. Alisema tu kwamba kitindamimba alikwisha kuhama upande wangu wa kitanda, sasa atamrudisha. Afadhali angegomba.

Jumapili, 9 Machi
Nimejifunza. Viraka basi! Nimeipiga picha tovuti nzima. Mashine ikikutana na simu ya zamani, itaonyesha picha hiyo. Magodoro yote yapo, mpaka kitufe cha kununulia! Kitabonyezeka? Aah, nani hubonyeza kila anachokiona? Kujaribu ni kupoteza muda. Nimempigia mke wangu, amhamishe mtoto tena. Jumamosi hii niko nyumbani, jua halijazama.