Stika ya Tanuri la Hsinchu

Wananchi wa Hsinchu na vitongoji vyake mnatangaziwa kwa heshima zote kwamba mirija ya kaboni sasa iko chini ya udhibiti. Ofisi ya Usimamizi wa Mali Isiyoonekana, ambayo mimi Tseng ni Naibu Mkurugenzi wake, imeikamilisha kazi hiyo bila kumwaga jasho, maana tuna kiyoyozi. Naeleza ilivyokuwa, kwa sababu mitaani kuna maneno ya hovyo.

Kwa wasiojua, mrija wa kaboni ni mwembamba kuliko unywele mara maelfu, na kwa uzito uleule chuma hakiuwezi. Ukisokotwa hivi, unapitisha umeme kama waya wa shaba. Ukisokotwa vile, ni nusukipitishi, yaani unapitisha ukibembelezwa. Lakini cha kutisha zaidi ni kwamba hauna stika.

Kanuni yetu iko wazi. Mali ya serikali, iwe meza au pipa la taka, hubandikwa stika yenye namba. Kisicho na stika hakipo, na kisichokuwepo hakipewi umeme. Basi mimi na mkuu wangu, Mkurugenzi Phang, tukaenda kwenye maabara ya Daktari Fan Yu-chiao, ambaye hutengeneza mirija hiyo kwenye tanuri, tukampa mpaka Ijumaa awe ameibandika stika yote.

"Mkurugenzi Phang," akalalamika, "mkinikatia umeme tanuri litapoa, na kazi yangu yote imekufa! Stika yako moja inafunika mirija mingi kuliko watu wa kisiwa hiki!"

"Basi bandika mmoja mmoja."

"Kwa mkono?"

"Kwa upole," akasema Mkurugenzi. "Halafu nasikia mingine inapitisha umeme, mingine inaringa. Kwa idhini ya nani?"

"Inategemea ilivyosokotwa."

"Na huo msokoto kasaini nani?"

Daktari akanitazama. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko ya kikazi.

Tuliunda Kamati ya Kupunguza Ukubwa wa Stika, ili ienee kwenye mrija mmoja. Ilipunguza vizuri mno, ikaipoteza stika, ikatangaza kwamba imeshabandikwa. Naibu Waziri akasema atakuja Ijumaa ajionee mwenyewe.

Mle maabarani kitu kimoja tu kilikuwa na stika: paketi ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, ladha ya nazi, iliyokaa juu ya swichi za tanuri. Hapa Hsinchu hata mtoto anajua kwamba mashine ikiwekewa paketi ya kijani hutulia. Ya manjano ni nuksi. Na ole wake atakayeila. Stika yenyewe ilikuwa ya tanuri, ila kwa ule moto ilikuwa inaungua kila ikibandikwa, ndipo ofisi yetu ikaagiza ihamishiwe kwenye kitu baridi kilicho jirani. Hivyo, kikanuni, paketi ndiyo tanuri. Tulilikagua, likafaulu.

Ijumaa Naibu Waziri akachelewa. Vyakula vya mchana vilikuwa vimepangwa mezani kwenye vikasha vyake, lakini nani afungue kabla ya mkubwa? Tumbo la Mkurugenzi likaanza kunguruma mbele za watu.

"Tseng, nipe hiyo paketi."

"Wee! Usiguse!" Daktari Fan akapiga kelele. "Nakuomba, mzee wangu!"

"Dada, mimi nimesoma sheria Taipei. Sitishwi na vitafunwa."

Nikamfungulia, maana ndiyo kazi ya naibu. Akala zote, akalamba vidole. Tanuri likalia piii, likawasha taa nyekundu, likazima.

Hapo ndipo Naibu Waziri alipoingia. Kabla ya siasa alikuwa fundi mashine. Akaiona paketi tupu, uso ukamparama.

"Nani kala?"

Tai ya Mkurugenzi ilikuwa imejaa makombo. Naibu Waziri akaiokota paketi, akasoma stika.

"Mbona hapa pameandikwa tanuri?"

"Ni kwa mujibu wa kanuni, mheshimiwa," nikasema kwa fahari.

"Kwa hiyo Phang kala tanuri la serikali."

"Mheshimiwa, ni vitafunwa tu!" Mkurugenzi akajitetea.

"Kanuni ni ya nani?"

"Yangu," akasema Mkurugenzi, akipangusa makombo.

"Na tanuri sasa liko wapi?"

Sote tukalitazama tumbo lake.

Stika ikabanduliwa, ikabandikwa kifuani pa Mkurugenzi. Na kwa kuwa kilichomo ndani ya tanuri ni cha tanuri, Naibu Waziri akaamua mirija haihitaji stika nyingine, na umeme usiguswe. Daktari Fan alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakamtoka.

Siku hizi Mkurugenzi hukalishwa kando ya swichi na koti la kijani, kutwa nzima, hafanyi lolote, kama alivyozoea ofisini. Tanuri liliwaka siku ileile na halijagoma tena.

Juzi Daktari Fan akaniuliza, "Huyu muda wake unaisha lini?"

"Anastaafu mwakani."

"Basi tutahitaji mwingine." Akanipima kwa macho, mabegani mpaka kiunoni. "Wewe koti unavaa saizi gani?"

Nikamwambia mimi hupendeza zaidi kwa manjano.